Cheti kisafi, kiwanda kichafu: Somo la karanga za Georgia kwa wafanyabiashara wa mipakani

Ndoo ya siagi ya karanga ikivuka mpaka wa Busia au Mutukula, kinachosomwa kwanza ni karatasi. Ofisa wa forodha anaangalia cheti cha uasili wa bidhaa, ofisa wa viwango anatafuta nembo ya ubora, na kama mzigo hauzidi dola 2,000 za Marekani, mwenye nao anapita kwa utaratibu uliorahisishwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo. Hakuna anayefungua ndoo na kuonja, na hata angeonja asingegundua lolote. Bakteria aina ya salmonela hana rangi, hana harufu, wala habadilishi ladha ya karanga.

Na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na vipimo inataka nembo iliyotolewa na nchi mwanachama mmoja iheshimiwe na wenzake. Bidhaa yenye nembo ya TBS ya Tanzania haipaswi kuanza upya ikifika Kenya, na yenye alama ya UNBS ya Uganda haipaswi kulazwa bohari Rwanda kwa wiki mbili ikisubiri vipimo vilevile. Soko letu limejengwa juu ya jambo moja: kuaminiana karatasi.

Itakuwaje, basi, siku karatasi ikisema uongo?

Jibu lipo mbali na hapa, katika mji mdogo wa Blakely, jimbo la Georgia nchini Marekani. Ni kisa cha kiwanda kilichosaga karanga kwa ajili ya viwanda vingine, kikawa na vyeti safi mkononi huku paa likivuja. Kinamhusu kila anayenunua au kuuza karanga, ufuta, unga, maziwa ya unga na bidhaa nyingine ambazo hazili mwenyewe, bali zinakwenda kuwa sehemu ya chakula cha mtu mwingine.

Kiwanda kidogo, hasara ya nchi nzima

Kampuni iliitwa Peanut Corporation of America. Mlaji wa kawaida hakuijua. Ilikaanga karanga, ikazisaga, kisha ikauza rojo lake na karanga zenyewe kwa watengenezaji wa biskuti, aiskrimu, peremende, hata chakula cha mbwa. Sehemu yake katika biashara ya karanga zilizosindikwa Marekani ilikuwa ndogo, chini ya asilimia 3.

Mwishoni mwa mwaka 2008 watu walianza kuugua kuhara na homa katika majimbo yaliyo mbali mbali, na maabara zikaonyesha wanaugua salmonela wa aina moja. Januari 2009, maofisa wa afya wa jimbo la Minnesota walimkuta bakteria huyo katika kopo kubwa la siagi ya karanga, la aina inayouzwa kwa taasisi kama vile nyumba za kulelea wazee. Nyayo zikafuatwa hadi Blakely.

Hesabu ilipofungwa, wagonjwa waliothibitishwa walikuwa 714 katika majimbo 46, na watu 9 walikuwa wamefariki. Zaidi ya bidhaa 3,900 za kampuni zaidi ya 350 ziliondolewa sokoni. Tazama uwiano huo: kiwanda kimoja chenye chini ya asilimia 3 ya soko kimezichafua kampuni zaidi ya 350, kwa sababu alichokuwa akiuza kilikuwa kiambato. Biskuti ikiharibika, inaharibika biskuti. Kiambato kikiharibika, kila kilichopikwa nacho kinaingia mashakani.

Wakaguzi wa serikali walikuta paa linalovuja, ukungu, mende, na karanga mbichi zikiwekwa karibu na zilizokwisha kukaangwa. Katika kiwanda cha pili cha kampuni hiyo, Plainview katika jimbo la Texas, walikuta panya waliokufa na vinyesi katika nafasi iliyo juu ya eneo la uzalishaji. Kiwanda hicho kilikuwa kimefanya kazi kwa miaka kadhaa bila leseni ya afya.

Lakini uchafu huo haukuwa jambo baya kuliko yote. Baya zaidi lilikuwa kwenye mafaili ya ofisi. Mara 12 katika mwaka 2007 na 2008, vipimo vya kampuni yenyewe vilionyesha salmonela, na bidhaa zikaondoka kiwandani hivyo hivyo. Nyakati nyingine sampuli ilipelekwa kupimwa tena hadi likapatikana jibu la kupendeza. Nyakati nyingine mzigo ulipakiwa kabla ya majibu, na vyeti vya maabara vikaandikwa kwa bidhaa ambazo hazikuwa zimepimwa kabisa.

Hapa kuna jambo ambalo mfanyabiashara lazima alielewe. Salmonela hasambai sawasawa kwenye gunia kama chumvi kwenye mchuzi. Anaweza kuwa kwenye kona moja tu ya bechi. Ukichota kiganja hapa unampata, ukichota pale humpati. Kwa hiyo jibu la pili lililo safi halifuti jibu la kwanza lililo chafu. Anayepima tena na tena hadi apate jibu analolitaka hatafuti ukweli, anatafuta ruhusa.

Februari 2009, mmiliki wa kampuni, Stewart Parnell, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani. Mbunge mmoja alinyanyua chupa yenye bidhaa zilizotokana na karanga za kampuni hiyo, akamuuliza kama yuko tayari kuzila. Parnell alitumia haki yake ya kutojibu. Mwezi huo huo kampuni iliomba kufilisiwa. Mwaka 2014 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani, na Septemba 2015 akahukumiwa kifungo cha miaka 28 jela. Ndugu yake, aliyekuwa dalali wa bidhaa hizo, alipewa miaka 20. Meneja aliyesimamia ubora kiwandani alipewa miaka 5.

Wafanyabiashara wetu waliangalie vizuri jina la pili. Dalali hakuwa na kiwanda wala hakukaanga karanga. Kazi yake ilikuwa kuuza.

Tone moja la maji

Wengi wetu tumezoea kuwaza kwamba vijidudu vinapenda vitu vibichi na vyenye maji: nyama, samaki, maziwa. Kitu kikavu tunakiona salama. Ndiyo maana kisa cha karanga kinashangaza.

Salmonela huishi ndani ya matumbo ya ndege, panya, mijusi na mifugo. Karanga huzaliwa udongoni na huanikwa mahali ambapo kuku na mbuzi hupita, kwa hiyo karanga mbichi kuwa naye si ajabu. Kinachomuua ni moto wa kikaango. Lakini mafuta na ukavu wa karanga humkinga, hivyo joto ambalo lingemmaliza haraka ndani ya uji linaweza lisitoshe ndani ya karanga. Kiwanda kinachojali hupima kwa uhakika kwamba kikaango chake kinafikia joto linalotakiwa, kwa muda unaotakiwa, kila punje.

Baada ya kukaanga hakuna moto mwingine. Rojo linasagwa, linajazwa kwenye ndoo, linapakwa kwenye mkate. Chochote kitakachodondokea hapo katikati kinamfikia mlaji moja kwa moja. Ndani ya rojo kavu salmonela haongezeki, lakini pia hafi. Hukaa kimya kwa miezi mingi akisubiri tumbo la mtu.

Kinachomwamsha ni maji. Vumbi la karanga mbichi likilala pembeni mwa kiwanda kavu halifanyi fujo kubwa. Paa likivuja juu yake, vumbi linakuwa shamba. Ndivyo ilivyoelezwa katika kisa kingine cha jimbo hilo hilo la Georgia, katika kiwanda cha kampuni kubwa ya ConAgra mjini Sylvester, ambacho bidhaa zake za siagi ya karanga ziliwaugulisha mamia ya watu na kuondolewa sokoni Februari 2007. Maelezo yaliyotolewa yalikuwa paa lililovuja na bomba la kuzimia moto lililofunguka. Kesi ilikwisha kwa kampuni kukubali kulipa dola milioni 11.2.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Katika biashara ya vyakula vikavu msemo huo si mfano. Ni maelezo ya kitaalamu. Na unageuza mazoea yetu: anayemwaga ndoo za maji sakafuni kila jioni katika chumba cha kusagia karanga, akiamini anasafisha, huenda anapanda. Chumba cha namna hiyo husafishwa kwa ufagio, brashi na kitambaa kikavu, na kikioshwa kwa maji lazima kikauke kabisa kabla ya kazi kuanza.

Aliyekwenda kuona na aliyesoma cheti

Kampuni ya Kellogg ilikuwa mteja wa kiwanda cha Blakely. Ilikuwa na karatasi zote. Kampuni ya ukaguzi ya AIB, iliyolipwa na kiwanda kilichokaguliwa, ilikipa Blakely daraja la juu mwaka 2008, mwaka ule ule ambao mizigo yenye salmonela ilikuwa ikiondoka. Kellogg iliamini daraja hilo. Mkuu wake aliliambia Bunge kwamba kuondoa bidhaa sokoni kuliigharimu kampuni kati ya dola milioni 65 na 70.

Nestlé nayo iliwahi kufikiria kununua. Haikusubiri cheti. Ilituma wakaguzi wake yenyewe, Blakely mwaka 2002 na Plainview mwaka 2006. Walichokiona kuhusu panya na wadudu hakikuwaridhisha, na Nestlé haikununua. Miaka kadhaa baadaye, wenzake walipokuwa wakirudisha biskuti kwa malori, yenyewe haikuwa na cha kurudisha kutoka kwa muuzaji huyo.

Wakaguzi wawili, kiwanda kimoja. Mmoja alilipwa na anayekaguliwa, na alikuja kwa taarifa. Mwingine alilipwa na mnunuzi. Tofauti ya walichokiona haikutokana na elimu zao; ilitokana na nani anamlipa nani.

Jambo hili lipo kwetu pia, japo halina majina makubwa. Msindikaji anayetaka nembo hulipia ukaguzi, hulipia vipimo, na mara nyingi huchagua mwenyewe sampuli ya kupeleka maabara. Si kosa lake. Utaratibu ndivyo ulivyo. Lakini sampuli iliyochaguliwa na muuzaji hupima jambo moja tu, nalo ni sampuli yenyewe. Haisemi lolote kuhusu magunia 200 yaliyobaki ghalani.

Viwanda viwili vya Ubelgiji

Msomaji anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya zamani, na kwamba Parnell alikuwa mhalifu. Tutazame basi viwanda viwili vya nchi moja, katika kipindi cha miezi michache, ambavyo wenyewe ni wakubwa na wana maabara za kisasa.

Tarehe 15 Desemba 2021, kiwanda cha chokoleti cha Ferrero mjini Arlon, Ubelgiji, kiligundua salmonela. Chanzo kilikuja kutajwa kuwa kichujio kwenye tangi la mafuta ya maziwa, kiambato kimojawapo cha chokoleti. Kiwanda kilisafisha na kuendelea. Kufikia Aprili 2022 watoto walikuwa wakiugua katika nchi kadhaa za Ulaya, bidhaa zilikuwa zimesambazwa katika nchi zisizopungua 113, na mamlaka ya Ubelgiji ikakifunga kiwanda wakati wa msimu wa Pasaka, ambao kwa muuza chokoleti ndiyo mavuno.

Tarehe 27 Juni 2022, kiwanda cha Barry Callebaut huko Wieze, nacho Ubelgiji, kiligundua salmonela katika bechi moja. Hiki ndicho kiwanda kikubwa kuliko vyote duniani vya chokoleti, nacho huuza kwa viwanda vingine. Kilisimamisha mitambo yote, kikazuia kila kilichotengenezwa tangu kabla ya siku hiyo, kikawaarifu wateja. Chanzo kilikuwa lesithini, kiambato kinachotiwa kidogo sana ili chokoleti ichanganyike vizuri, kilichotoka kwa muuzaji wa Hungaria. Usafishaji ulichukua wiki kadhaa na uzalishaji ukaanza kurudi taratibu mwezi Agosti. Hakuna bidhaa chafu iliyofika kwa walaji.

Wote wawili waliingiliwa na bakteria. Wote wawili walipima na kumpata. Kilichowatenganisha ni walichofanya baada ya maabara kupiga simu. Kusimamisha kazi kulimgharimu mmoja hasara kubwa. Kutosimamisha vya kutosha kulimgharimu mwenzake kiwanda kizima kwa muda, na watoto wa watu wakalazwa hospitali.

Mpaka haujui kuchagua

Sasa turudi nyumbani. Kwa nini mama anayevusha ndoo nne za rojo la karanga ajali habari za Georgia na Ubelgiji? Kwa sababu linapotokea, mpaka haumuulizi yeye ni msafi au mchafu. Samaki mmoja akioza, huhesabiwa wote wameoza.

Machi 2018 Afrika Kusini ilitangaza kwamba mlipuko wa ugonjwa wa listeria, uliougusa umma wa watu zaidi ya 1,000 na kuua zaidi ya 200, umetokana na soseji aina ya poloni iliyotengenezwa katika kiwanda kimoja cha Polokwane. Ndani ya siku chache majirani, zikiwamo Msumbiji, Namibia, Botswana, Zambia na Malawi, walizuia nyama za kusindikwa kutoka Afrika Kusini. Waliovusha poloni za viwanda ambavyo havikuhusika walirudishwa pamoja na wengine.

Sisi wenyewe tuliyaonja Machi 2021. Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya ilizuia mahindi yote ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu hutokana na fangasi, si bakteria, na moto wa jikoni hauiondoi, lakini somo la mpakani ni lile lile. Malori yalipanga foleni Namanga. Waliokuwa wamekausha mahindi yao vizuri walisimama jua moja na waliovuna yakiwa na unyevu. Siku chache baadaye zuio lilibadilishwa kuwa masharti: waingizaji wasajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ijulikane mahindi yamelimwa wapi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye akili kuliko yote, na lingekuwapo tangu mwanzo, huenda zuio lisingehitajika.

Nje ya Afrika mambo ni hayo hayo. Umoja wa Ulaya umeuweka ufuta wa Uganda, pamoja na wa Sudan, Ethiopia na Nigeria, katika orodha ya bidhaa zinazokaguliwa zaidi zikiingia, kwa sababu ya salmonela. Mkulima wa Lira anayeanika ufuta wake juu ya turubai safi, mbali na kuku, anapata usumbufu sawa na yule anayeuanika chini. Jina la nchi limeshika nafasi ya jina lake.

Marekani nayo, baada ya kisa cha Blakely na vingine, ilitunga sheria mpya ya usalama wa chakula iliyotiwa saini Januari 2011. Inamtaka mwingizaji ahakikishe mwenyewe namna muuzaji wake wa nchi za nje anavyofanya kazi. Kwa maneno mengine, kazi iliyofanywa na wakaguzi wa Nestlé kwa hiari, sasa ni wajibu.

Jumuiya yetu nayo imekua. Kwa kuingia Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, wanachama ni nane. Karanga zinaweza kulimwa Tabora, zikakaangwa Mwanza, zikasagwa Kampala, zikaingia kwenye unga wa lishe unaonywewa na mtoto Goma. Kila mkono unaoongezeka unaongeza bei kidogo na unaongeza nafasi ya uchafu kidogo. Unga huo ukipikwa uji ukachemka sawasawa, salmonela anakufa. Rojo lililopakwa kwenye mkate, au ufuta ulionyunyizwa juu ya keki iliyokwisha kuiva, hauna moto wa kuusaidia.

Serikali zifanye nini

Kwanza, zizuie bechi, zisizuie nchi. Hilo haliwezekani bila namba ya bechi kuandamana na mzigo, mdogo kwa mkubwa, kuanzia kwa msagaji hadi dukani. Ofisa akijua kwamba bechi mbaya ni ya kiwanda fulani, ya tarehe fulani, ana sababu ya kuwaruhusu wengine wapite. Asipojua, usalama wake ni kufunga geti.

Pili, TBS, KEBS, UNBS, RSB ya Rwanda, BBN ya Burundi na wenzao waambiane mapema. Bidhaa ikiondolewa sokoni Nairobi, wauzaji wa Arusha na Jinja wasisubiri kusoma gazetini. Mwaka 2019 Kenya ilipoondoa sokoni baadhi ya siagi za karanga kwa sababu ya sumukuvu, habari hiyo ilikuwa na maana kwa kila nchi ambayo bidhaa za aina hiyo huvuka.

Tatu, sampuli ichukuliwe na ofisa, bila taarifa, ghalani. Nembo inayotolewa kwa sampuli aliyoichagua muuzaji ni ya muuzaji, ingawa ina jina la serikali.

Nne, gharama. Ni rahisi kumwambia msagaji mdogo apime kila bechi. Ni vigumu kumwonyesha fedha zitatoka wapi. Vipimo visipokuwa na bei ambayo kikundi cha kina mama kinaweza kuichangia, tutakuwa tumeweka kanuni inayowasukuma watu kwenye njia za panya, na huko hakuna bechi wala cheti.

Na wewe mwenye mzigo

Mengi ya kumlinda mfanyabiashara hayasubiri serikali.

Nenda ukaone. Kabla ya kununua rojo, unga au ufuta uliomenywa kwa mara ya kwanza, tembelea anapofanyia kazi. Tazama juu kwanza: paa linavuja? Tazama chini: sakafu ina madimbwi? Kisha fuata karanga kwa macho. Je, mbichi na zilizokaangwa zinapita njia tofauti, au zinashirikiana ungo, koleo na gunia? Magunia ya karanga mbichi yakitumika tena kubebea zilizoiva, kazi yote ya kikaango imepotea. Uliza choo kiko wapi, na maji na sabuni ya kunawia mikono viko wapi.

Soma cheti chote, si muhuri tu. Namba ya bechi iliyo kwenye cheti iwe ndiyo iliyo kwenye ndoo. Tarehe ya majibu iwe kabla ya tarehe ya kupakia. Jina la maabara liwepo, na uipigie simu kwa namba uliyoitafuta mwenyewe. Cheti kimoja kinachotembea na mizigo ya miezi sita si cheti cha mzigo wowote.

Usichanganye. Ukinunua kwa watu watano ukamwaga kwenye turubai moja, umeondoa uwezekano wa kumjua mwenye kosa. Ikigundulika gunia moja baya, yote ni yako.

Weka daftari. Jina la aliyekuuzia, tarehe, kiasi, bechi, na uliyemuuzia. Kurasa hizo ndizo zitakazokutenga siku ya zuio. Barry Callebaut iliweza kuwaambia wateja wake ni mzigo upi usimame kwa sababu ilijua kila bechi iko wapi. Daftari la shilingi chache linafanya kazi ile ile kwa ndoo nne.

Na mwisho, fikiri mapema utafanya nini siku ukiambiwa mzigo wako una tatizo. Siku hiyo utakuwa na mkopo wa kulipa, mteja anayesubiri na lori lililokwisha kulipiwa. Utashawishika kupima tena, au kuuza haraka kwa bei ya chini mahali ambako hawaulizi. Anayeamua siku hiyo hiyo huamua vibaya. Walio katika vikundi na vyama vya akiba na mikopo wanaweza kukubaliana kabla, na kutenga mfuko mdogo wa kumshika mkono mwenzao anayesimamisha mzigo wake kwa hiari. Mtu asiyeogopa kufilisika ndiye anayeweza kusema ukweli mapema.

Kiwanda cha Blakely hakikuangushwa na bakteria. Bakteria alikuwapo pia Wieze, na kiwanda cha Wieze kinafanya kazi hadi leo. Blakely iliangushwa na mazoea ya kutuma mzigo huku jibu la maabara likiwa mezani. Wakulima wa karanga wa Georgia, ambao hawakuwa na kosa, waliona walaji wakiacha kununua siagi ya karanga hata ya kampuni ambazo hazikuwahi kufanya biashara na Parnell.

Sisi hatuna soko la pili la kukimbilia. Namanga ikifungwa, Busia ikifungwa, karanga zinabaki ghalani na ada ya shule inabaki bila kulipwa. Kuaminiana karatasi ndiko kunakofanya mipaka hii ipitike. Ni kazi ya kila anayeweka jina lake kwenye karatasi hiyo, ofisa, msagaji na mwenye ndoo nne, kuhakikisha inasema kilichomo ndani ya ndoo.